Mwiko

Ukuta wangu ulipinda upana wa kidole.
Timazi ilining'inia kando yake, kimya,
shahidi asiyehongeka.
"Bomoa," akasema mwalimu Huarachi.
Kozi sita! Na kijiji kizima kinatazama,
na Wilmer wa useremala anacheka
mpaka kofia inamdondokea kwenye karai.

Bi Casilda hakucheka.
Jiko hili la shule ni lake; miaka mitatu
amewapikia watoto nje, upepo wa Altiplano
ukiula moto kabla chungu hakijauonja.
Akachuchumaa, akapokea tofali baada ya tofali,
akayakwangua udongo mbichi
kwa mwiko wake wa supu ya kwinoa.
"Mama, utauharibu."
"Kwani huo wako unafanya kazi gani?"

Tukajenga upya, mwiko kwa mwiko.
Sikuinua macho. Kamba, pimamaji, udongo,
vidole vimekufa ganzi.
Jua lilipozama ukuta ulinifika kifuani
na timazi haikuwa na neno.

Usiku huu ndoo zitaganda.
Ukuta umelala chini ya blanketi la Casilda,
mimi na jaketi langu la chuo.
Wilmer ameniuliza, kwa sauti ya chini,
kama nitamshikia boriti kesho.
Nimemwambia nitakuja na timazi.