Paa la Upande wa Mvua

Fundi Gwakisa ameleta vipande vitatu vya bati,
kavipanga barazani kama muuza vitenge:
bluu, kijani, damu ya mzee.
"Msauzi huu, dada, geji ishirini na nane.
Siku nne za kazi, miaka hamsini ya kelele."
Hapana, kelele nimeitia mimi.
Yeye alisema dhamana.

Juu yetu vigae vinavuja.
Si vyote. Vinavyotazama mlima Rungwe bado vizima;
vinavyotazama Ziwa, mvua inakotoka,
vimeota kuvu nene kama mgongo wa kondoo,
na sebuleni nina sufuria nne na beseni,
kila kimoja na sauti yake.
Tukuyu hapa mvua haiombwi.
Inaingia Novemba bila hodi, inaondoka Mei,
na ikisahau kitu, inarudi Julai kukichukua.

Mwaka juzi nilimsikiliza fundi mwingine,
nikaupiga ukuta wa kusini plasta ya saruji.
Ulipendeza! Watu walisimama njiani.
Aprili ukavimba kama shavu lenye jino bovu,
na usiku mmoja plasta ikashuka pande zima
juu ya magimbi ya shangazi.
Mawe yale yalizoea chokaa,
yalizoea kunywa na kutoa jasho.
Mimi nikayavika koti la mpira.

Kaka Ipyana anapiga simu kutoka Dar:
"Ng'oa vyote. Bati, madirisha ya aluminiamu,
wapangishe watumishi wa halmashauri."
Ana hoja. Nusu ya nyumba ni yake.
Sufuria zote ni zangu.

Leo Gwakisa kapanda, kashusha kigae cha kwanza.
Tukakigeuza.
Tumboni mwake, udongo ungali mbichi,
mtu alipitisha kidole:
vijiti vinne na kimoja cha kuvikata,
vijiti vinne na kimoja cha kuvikata,
halafu viwili, halafu basi.
"Hesabu," Gwakisa akasema. "Alikuwa anahesabu vyake."
Ili alipwe? Ili asipigwe?
Tulikishika huku na huku, kama barua
ya lugha tusiyoisoma.

Shangazi Subilaga alikuwa anachambua maharage.
Hakuinua macho.
"Bibi yenu aliubeba udongo huo toka bondeni,
kichwani, na baba yako tumboni, mwezi wa saba.
Nyumba ya bwana wa chai.
Mlango wa mbele hakuupita
hadi siku baba yako alipoinunua."
"Kwa hiyo tuvitunze?"
"Sijasema hivyo.
Nimesema vilikuwa vizito."

Nimekaa na neno hilo mpaka chai ikaganda utando.
Kuna wanaotaka nyumba ya zamani ikae kama picha.
Picha haivuji.
Kuna wanaotaka isiwepo kabisa,
na jioni nyingine, beseni likijaa, mimi ni mmoja wao.

Basi, Gwakisa, sikiliza.
Vizima vyote vihamie upande wa mlima.
Upande wa Ziwa weka bati, la kijivu, la kawaida;
lile lililokunjwa likaiga kigae silitaki,
bati liwe bati, lisijifanye mzee.
Ukutani chokaa ya Songwe na mchanga wa Kiwira,
taratibu, koti jembamba, likauke, jingine.
Madirisha ya mbao yanabaki. Ndiyo, yanakwama.
Na mimi magoti yanakwama.

Kigae chenye hesabu kirudi juu ya mlango wa mbele,
tumbo chini, kilivyokuwa,
vijiti vyake vikitazama giza la dari
ambako hakuna bwana wa kuvikagua.

Gwakisa akafuta mikono kwenye suruali.
Akakitazama tena, muda mrefu kuliko bati lake lote,
akahesabu kwa midomo: kumi na mbili.
Kisha akaniuliza, akitabasamu nusu,
"Na mimi, dada, utanilipa kwa kigae
au kwa siku?"