Kijiko Kimoja

Daktari wa hapa Hull hakunikaripia.
Alichora nyongo kwenye karatasi, umbo la pera,
ndani yake vijiwe vitatu, akavipigia mstari.
"Mafuta," akasema, "kijiko kimoja kwa siku, bwana Machano,
mpaka zamu yako ya kupasuliwa ifike."
Zamu yangu ni mwezi wa tisa.
Leo Januari, na theluji imegoma mlangoni.

Basi saa moja na nusu jioni nakwenda dukani,
saa ile kijana wa mashine ya bei anapopita
akibandika vibandiko vya manjano.
Tunamfuata kimyakimya kama vifaranga,
kila mmoja akijifanya anasoma kitu kingine.
Mama mmoja wa Kipolandi huniachia karoti,
mimi humwachia maziwa.
Hatujawahi kuulizana majina.
Leo: mapaja ya kuku, mawili, peni themanini na tano;
kabichi iliyochubuka shavu;
na dengu nyekundu, mfuko wa kilo.
Dengu hazina punguzo. Dengu ndiyo nguzo.

Nyumbani mita ya umeme inanitazama kwa jicho jekundu:
pauni mbili na sumni.
Mwanaidi yuko zamu ya usiku, anaogesha wazee wa watu
ng'ambo ya mto,
nami, niliyeoa nikijua kuchemsha chai tu,
ndiye mpishi.

Ngozi ya kuku naivua. Samahani, mama.
Najua ulisema ngozi ndiyo kuku,
mengine ni mifupa na maneno.
Kitunguu nakikaanga kwa maji:
kijiko cha maji, koroga, yakauke, kijiko kingine,
hadi kigeuke rangi shingo upande
kama mtoto anayekubali kwenda chuoni.
Dengu zinaingia. Manjano, haya ya mizizi, si ya kibandiko.
Tangawizi yote, sibakishi,
maana tangawizi haina mafuta wala haina huruma.
Ndimu ghali; natia siki.

Mafuta ni mwisho.
Kile kijiko kimoja nakichomea bizari nyembamba na saumu
mpaka jiko zima lilie chwaa,
kisha namwaga juu.
Yakitangulia hupotea sufuriani.
Yakija mwisho, kila tonge hudhani limepewa yote.

Kopo la tui lipo.
Lipo nyuma ya unga, limeelekea ukutani.
Mwanaidi alilinunua la Idi, kabla ya vijiwe.
Usiku mwingine nalitoa, nalitikisa sikioni,
nasikia linavyokwenda na kurudi humo ndani, zito,
nalirudisha.

Saa kumi na mbili na robo ufunguo unageuka.
Anakula amesimama, koti mwilini,
theluji inamyeyukia mabegani na kudondokea sakafu niliyopiga deki.
Sisemi kitu. Anajua nasubiri.
"Huu," anasema, "mchuzi wa mgonjwa."
Anachovya tena.
Anakomba sufuria kwa ganda la mkate, pembe kwa pembe,
hata kile kilichogandia chini.
"Na mgonjwa mwenyewe kala?"
Nimekula, namwambia.
Anaitazama sahani yangu, kavu kwenye kichanja tangu jana.
"Muongo," anasema,
na kulikata lile ganda la mwisho vipande viwili,
kikubwa kwangu.