Majina Sawa

Saa tisa usiku, chini ya jengo la mamlaka ya maji, Szolnok.
Piroska hajavua koti: baridi hii imewashiwa seva, si yeye.
Mchana, kwenye kompyuta yake ya mezani, mambo yalikubali,
lugha mpya ikasakinishwa, ikasema "tayari".
Hapa kasakinisha vilevile, amri kwa amri,
na programu ya Vendel imezimika.

Miaka kumi na saba ilipima kina cha mto Tisza
bila kuomba sifa.
Sasa ina neno moja tu:
"Maktaba niliyoijua siioni."

Lakini ipo! Jina lile lile.
Anainama kwenye kioo: nambari ya mwisho ni tatu. Ilikuwa moja.
Mgeni kaingia kwa jina la somo yake,
kamwondoa mwenyeji kitandani,
kalalia mto wake.

Akirudisha ya kale, mpya inagoma.
Akirudisha mpya, ya kale inakata roho.
Mafahali wawili, ndiyo, methali naijua, anaiambia feni,
ila zizi moja alijenga nani?

Simuni, Vendel mstaafu, sauti ina usingizi:
"Tulikula chungu kimoja, binti. Diski ilikuwa ghali."

Basi anafungua folda ndogo, pembeni,
anamlaza mzee humo,
anaandika mstari: wewe, tafuta huku kwanza.

Sentimita mia sita na kumi na mbili.
Mto unapanda.

Daftarini anaandika tarehe, na "Msiguse".
Anaikata "Msiguse".
Anaandika kwa nini.