Jino la Azenor

Kabla trekta la Kervella halijaunguruma kwenye koliflawa,
mikono yangu imo kazini,
viganja vimekunjwa kama vikombe:
pu, pu, pu, mgongoni mwa Goulven,
mbavu za kushoto, mbavu za kulia,
mpaka makohozi yalegee, yatoke mazito, ya kijani,
nami niyapokee
kama mgeni aliyeahidi na akafika.

Hesabu za huyu ninazo zote.
Vidonge vinne kabla ya chapati ya ngano nyeusi.
Dakika ishirini za mashine ya mvuke.
Uzito wake, kwa gramu.
Kilomita za kwenda hospitali ya Brest,
na kona ya kuegesha gari akitaka kutapika.
Niulize usiku wa manane, nitajibu usingizini.

Niulize ya Azenor.

Azenor hana tabu, ndivyo wasemavyo watu.
Azenor hujisuka mwenyewe.
Hutia sahihi yangu kwenye daftari la shule,
mkia wa herufi ya mwisho umepinda kuliko wangu,
na mwalimu hajagundua.
Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye.
Juu ya mwana asiyelia
hawakuniachia neno.

Jumamosi nilikuwa nabadilisha shuka.
Chini ya mto, kiberiti.
Ndani ya kiberiti, jino.
Huku kwetu panya ndiye mpokea meno:
huja usiku, hulichukua, huacha sarafu.
"Limetoka lini?"
"Siku kumi na moja."
Siku kumi na moja amekula mbele yangu,
amecheka mbele yangu,
na pengo li wazi kama dirisha lisilo kioo.
"Si kitu, mama," akasema,
akinishikia ncha ya shuka.
"Labda panya naye ana mtoto mgonjwa."

Usiku ule nikasikia kikohozi, chumba cha pili.
Vikohozi nimevisomea miaka saba:
kipo cha kifua, kipo cha homa,
kipo cha kicheko kilichopalia.
Hiki kilikuwa kikavu, kimepimwa,
kimeanzia mdomoni na kuishia mdomoni.
Kikohozi cha kuazima.

Sikumuumbua.
Nilimlaza kifudifudi, nikakunja viganja:
pu, pu, pu.
Mapafu mazima yana mlio wake,
nilikuwa nimeusahau.
Akahesabu nami kwa sauti, akafika hamsini.
"Na kushoto," akasema. "Umeruka kushoto."
Ukutani Goulven akagonga:
"Zamu ya nani hiyo?"
"Yangu," akajibu dada yake,
kwa sauti ya mwenye shamba.

Panya alilipa. Sarafu mbili, moja ya faini.
Jino ninatembea nalo mfukoni mwa koti,
nikitafuta funguo hunichoma kidole.

Jumatano jioni ni yetu wawili.
Nilimwambia achague: sinema, ufukwe, duka la vitabu.
Akachagua gari. Tuliegeshe tu kando ya shamba,
madirisha juu, mvua ipige bati,
tule viazi vya kukaanga.
Simu nitaiacha wazi, sikumdanganya.
Ikilia, tutageuza.
Anajua.
Ameniambia atayapanga maneno yake mapema,
ya muhimu ayatangulize.