Pipa la Hesketh

Krismasi ya mwaka juzi bia ilituacha usiku, bila kuaga.
Pinti arobaini zilipita chini ya mlango wa stoo,
zikazunguka miguu ya meza, zikamkuta paka, zikamwamsha.
Hesketh alisimama na soksi zake zimelowa,
akalitazama pipa lake jipya la bei ya kutupa
kama mtu anavyomtazama shemeji aliyeiba vijiko.
Usipoziba ufa, wanasema, utajenga ukuta.
Sisi tulipangusa sakafu mpaka saa kumi alfajiri,
na mpaka Pasaka jikoni kulinuka kimea.

Safari hii nikasema: pipa nalichagua mimi.
Baba yangu alikuwa fundi bomba, Burnley nzima ilimjua;
nilijua washa kabla sijajua kusoma saa.

Duka la Bwana Thackray liko nyuma ya kituo cha mabasi.
Akaniletea la kwanza: jeupe, jembamba,
koki yake imepakwa rangi ya dhahabu.
"Hili linapendwa," akasema.
Nikalibinya ubavuni. Likabonyea kama shavu la kibogoyo.
Rudisha.

La pili lilikuwa nene, la kahawia, lenye heshima,
ila mdomo wake mdogo. Mkono wangu ulikwama kwenye kifundo.
Uchafu utakaa pale nisipofika, nikamwambia,
na uchafu hauna haraka.
Rudisha.

La tatu lilikuwa rafu ya juu, limevaa vumbi.
Mdomo mpana, hesi nene,
valvu ya shaba katikati ya kifuniko,
na pete ya mpira, nyeusi.
Nikauchomoa mpira, nikaukunja, nikauvuta, nikaunusa.
Haukuwa na ufa. Haukunuka uzee.
Niletee maji, nikasema, sabuni ya vyombo,
na pampu ya baiskeli.
Thackray akacheka. Akaleta.

Tukalijaza pumzi.
Nikapaka povu kwa brashi ya kunyolea
pale koki inapoingia mwilini, maana wizi huanzia hapo,
kisha tukapiga magoti, tukangoja.
Mvua inapiga kioo.
Kijana mmoja akaingia kununua hamira,
akatukuta wazee wawili tumelipigia pipa magoti,
akavua kofia.

Hakuna povu lililovimba. Hata moja.
Thackray akanyoosha mkono kwa pesa.
Nikasema, ongeza.
Akapampu.
Ongeza.
Akanitazama, akapampu.
Ongeza, Bwana Thackray.
Ndipo valvu ikasema *fsss*,
fupi, kama mtu anayeomba radhi, ikanyamaza.
Hapo nikafungua mkoba.

Maana lipo pipa lisilovuja kamwe
mpaka siku linapopasuka.
Nililelewa na moja.
Walipomleta kaka yangu kutoka mgodini, baba hakuvuja.
Alikwenda kuziba bomba la jirani, kwa sababu aliahidi.
Miaka sita hakuvuja.
Jumanne moja, chini ya sinki la watu,
spana mkononi.
Walipomgeuza, maji yalikuwa yamefungwa vizuri.

Hesketh hajui haya yote. Aliliona pipa,
akaligonga kwa kidole, akaguna, "Kuukuu."
Kisha akapaka hesi mafuta ya mgando
na kulifunga kwa kiganja, si kwa spana,
maana spana hukata mpira.
Hilo nilimfundisha mimi. Anadhani alizaliwa nalo.

Sasa ni wiki ya tatu.
Usiku namsikia anashuka ngazi bila viatu,
namsikia anafungua stoo, najua ameinama,
ameweka sikio lake zima juu ya kifuniko.
"Linasemaje?" namwuliza kutoka juu.
"Halisemi kitu."
Lakini hapandi.

Nimelala macho, nahesabu vidato.
Kisha kutoka chini, gizani: *fsss*,
fupi.
Sijui kama ni pipa
au ni yeye.