Muhuri wa Ndala

Mchana nachonga mihuri ya ofisi:
IMEPOKELEWA, IMELIPWA, SIRI.
Harufu ya mpira ulioungua
hunifuata hadi kwenye ugali.

Usiku, Kizota ikishatulia na vumbi lake,
nachukua ndala kuukuu ya kushoto,
nachora kichala cha zabibu kwenye soli,
nakikata kwa wembe, tunda moja moja.

Wino wa zambarau. Manila nyeupe.
Uwele kidogo, nimeubandika kwa gundi,
na unyoya wa kanga, madoa yake kama ya yule
tuliyemkimbiza Mvumi, ukaanguka, ukacheka.
Kifungo ni cha gauni ulilonishonea.

Likabaki neno.
Kwenye mpira neno hukatwa kinyume,
na mimi, fundi wa miaka kumi na mitatu,
nikasahau. NISAMEHE
likatoka limegeuka, linatazama lilikotoka.
Sikulirudia. Una kioo, Ndahani.

Hatujasemezana tangu wale mbuzi wa marehemu.
Kesho kadi inapanda basi la Mpwapwa.
Nyuma yake nimegonga muhuri mmoja wa mchana,
IMEPOKELEWA,
nafasi ya tarehe
nimeiacha wazi.