Wa Kunipa Mgongo

Telmo, zima hiyo kalkuleta.
Yuro mia nne na hamsini hazitapungua
kwa kujumlishwa mara ya tatu.
Najua ni kondoo watatu wa karamu,
najua ni matairi ya gari lako la kazi
yaliyoota kipara tangu Pasaka.

Bwana Norberto kasema wazi:
"Mimi mtu mmoja, miguu yenyewe mibovu.
Kanisa lenu jembamba kama kabati.
Nikielekea mlangoni, altare iko kisogoni;
nikielekea altare, nimeukosa mlango.
Mkitaka vyote viwili, nitakuja na mpwa wangu Ivone.
Bei yake hiyo hapo chini."
Akamaliza kahawa, akatuachia karatasi
na duara la kikombe juu ya tarakimu.

Wewe ukacheka: mafahali wawili hawakai zizi moja.
Mama yako akaongeza kwamba wageni themanini na sita
wana simu themanini na sita,
na shangazi Deolinda ana ile tableti pana kama sinia
anayoinyanyua hata mazikoni.
Picha zitamwagika, mkasema. Za bure.

Nikanyamaza. Mkadhani nimekubali.

Usiku nikaishusha albamu ya mama juu ya kabati.
Jalada limebanduka, linanuka dawa ya nondo.
Septemba, mwaka wa themanini na nane, kanisa lilelile.
Mpigapicha alikuja kwa pikipiki kutoka Miranda
na filamu mbili tu, picha sabini na mbili.
Nimezihesabu, Telmo, kama unavyohesabu senti.
Mama anashuka ngazi. Mama na shela.
Mama anaingia, jua limemshika bega,
mdomo wazi kidogo
kama mtu aliyeitwa jina lake asipotarajia.
Mama, mama, mama.
Baba yumo baadaye, katika safu ya ndugu,
kakakamaa, tai imemkaba,
anaitazama kamera kama wa kitambulisho.

Lakini pale mama anapoingia,
pale macho yake yanapomfikia mtu fulani mbele
na mdomo unafunguka,
huyo mtu alikuwa na uso gani?

Nilimuuliza mama. Alikuwa anamenya viazi.
"Alilia," akasema. Akamenya kimoja, cha pili.
"Au alicheka. Sikumbuki, mwanangu.
Nilikuwa naogopa kulikanyaga gauni."

Na baba wa kumuuliza hayupo,
mwaka wa sita sasa chini ya jiwe
alilolichonga mwenyewe kule machimboni
kwa mteja aliyeukimbia mzigo na deni lake.

Sitaki picha nyingi. Sikiliza.
Huyo Ivone asinipige mimi hata moja.
Nitamwambia: binti, siku hiyo watu wote watanielekea,
hata watoto, hata padri na miwani yake.
Wewe nakulipa unipe mgongo.
Simama penye benchi la tatu.
Mlango ukilia, maana bawaba zake mbovu, utausikia,
usigeuke.
Wote watageuka; wewe usigeuke.
Mkodolee huyo fundi wa mashine za kukamulia ng'ombe
anayeapa kwamba hana uso wa picha.

Nimeshampigia simu, usinune.
Saa mbili tu, mia na themanini.
Tairi moja utanunua,
la pili tutaliombea.

Na sasa mbona wanitazama hivyo?
Ngoja. Usiuondoe uso huo.
Laiti huyo msichana angekuwa hapa.